Sakafu Isiyopitisha Tone

Kraa.

Sauti hiyo niliisikia kabla sijaona chochote. Nilikuwa nimetoka kwenye jua la asubuhi nikaingia kwenye giza la banda la mashua, na macho yangu yalikuwa bado yanatafuta njia. Ilikuwa kama mtu anayevunja ubavu mkavu wa kondoo kwa meno. Kisha nikahisi baridi kwenye goti, nikaelewa kwamba kilichovunjika ni sakafu ya mashua iitwayo Ternan, na kwamba mguu wangu umepita katikati yake.

"Nilitaka kukuambia usiikanyage," alisema Bibi Sunnuva akiwa mlangoni.

"Najua," nikamjibu, mguu ukiwa bado umo humo. "Nilikuwa napima uozo."

Hivyo ndivyo nilivyo, na afadhali msomaji ajue mapema. Mimi Dánjal sijawahi kuanguka. Huwa nakaa chini ghafla. Sijawahi kupotea, huwa napita njia ndefu. Na kwa miaka ishirini na mitatu sikuwahi kumwomba mtu anielekeze jambo, kwa sababu anayeomba kuelekezwa amekiri kwamba hajui.

Bibi Sunnuva ni mjane wa Mikkjal, mdogo wa babu yangu. Mikkjal alivua kwa Ternan miaka arobaini, kisha akafa kitandani mwake kama mtu wa bara, na mashua ikabaki bandani, imelalia ubavu juu ya zile mbavu za nyangumi tunazotandika chini ili mashua iteleze. Miaka miwili ikapita. Ndipo akatokea bwana mmoja wa Tórshavn, mji wetu mkuu, mwenye nyumba ya wageni. Alitaka kuinunua Ternan, aiweke mbele ya mlango wake, aijaze udongo na kupanda maua.

"Maua," nilisema siku nilipoambiwa. "Ndani ya Ternan."

"Ya manjano, anasema," Bibi alijibu. "Basi sikiliza, mjukuu wangu. Nimemwambia asubiri hadi sikukuu ya Ólavsøka. Ukiitia sakafu mpya na ikaelea kabla ya sikukuu, ni yako, kavue. Isipoelea, itaota maua. Mimi siwezi kuitazama ikioza hapa mwaka wa tatu."

Niliitaka mashua ile kuliko kitu chochote duniani. Nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili kwenye meli kubwa ya uvuvi, ambako mtu ni mkono tu kati ya mikono ishirini, na maji yakiingia kuna pampu inayonguruma yenyewe. Nilitaka chombo changu na asubuhi yangu.

"Unahitaji chochote kutoka kwangu?" Bibi aliuliza siku ile ya kwanza, wakati nachomoa mguu.

"Sihitaji kitu, Bibi. Wewe kaa utazame."

Sasa lazima nieleze habari ya mashairi, maana bila hayo aibu yangu ingekuwa ndogo tu.

Kwetu hapa kisiwani Sandoy, mtu akifanya upumbavu wa kutosha hutungiwa shairi. Watu hushikana mikono kwenye duara na kuimba bila ngoma wala zeze. Miguu ndiyo ngoma. Yule anayeimbwa hushikwa na wanaume wawili wenye nguvu, mmoja kila upande, akachezeshwa duara zima hadi ubeti wa mwisho. Akicheka, limekwisha. Akikasirika, litaimbwa na wajukuu zake.

Majira ya baridi yaliyopita nilimtungia jirani yetu Hanus, mtu wa umri wa baba yangu, aliyetupa nanga baharini na kukumbuka baadaye kwamba hakuifunga kamba yake kwenye mashua. Nilimpa beti kumi na tisa. Nilijifunza kutunga peke yangu, kwa kuhesabu silabi kwa vidole nikiwa zamu kwenye meli, na sikumsamehe yule maskini hata silabi moja. Wakamshika Pól na Regin, mapacha wanaoweza kubeba kondoo kila kwapa, wakamzungusha. Hanus alicheka kidogo, kama mtu anayelipa kodi. Mimi nilitembea kijijini wiki nzima kifua mbele, nikawa natafuta mwingine wa kumtungia. Ningeangalia karibu zaidi ningemwona.

Nikaanza kazi. Sakafu ya zamani ilitoka vipande vipande, vingine kwa mkono mtupu. Chini yake mataruma, yaani mbavu za mashua, yalikuwa mazima, meusi kwa lami, na hilo lilinipa moyo. Mbao nilizipata juu ya dari la banda lenyewe, upande unaopigwa na jua: Mikkjal alikuwa ameweka huko gogo la msonobari lililoletwa na bahari. Visiwa vyetu vya Faroe havina misitu. Mti ukija wenyewe kwa mawimbi ni mgeni wa heshima. Bibi alisema gogo lile lilikauka miaka kumi na miwili likisubiri kuwa sakafu. Nililipasua kwa msumeno, nikazipiga mbao randa hadi zikang'aa kama siagi.

Katika sakafu ya zamani kulikuwa na jambo moja lililonichekesha. Karibu na tezi, yaani nyuma ya mashua, mbao ndefu zilikuwa zimekatwa, na pengo lake limezibwa kwa ubao mfupi kama kitabu kikubwa. Ubao huo haukupigiliwa msumari hata mmoja. Tena ulikuwa na matundu mawili ya duara, ya kuingiza kidole.

"Maskini Mikkjal," nikajisemea. "Uzee. Mbao zilimwishia, akaweka kiraka, na kiraka chenyewe kimeliwa na wadudu."

Nikaurekebisha uzee wake. Mbao zangu zilikwenda nzima kutoka omo, kule mbele, hadi tezi, zimebanana hata wembe haupiti, kila moja na misumari yake ya shaba. Hanus alipita siku moja, akasimama ananitazama, mikono mfukoni.

"Mikkjal alikuwa na ubao mdogo hapa nyuma," alisema.

"Alikuwa na kiraka, Mzee Hanus. Nimekitoa."

"Umekitoa."

"Mimi sifanyi kazi ya viraka."

Hanus alifungua mdomo. Nadhani hapo zilimjia beti kumi na tisa, moja baada ya nyingine, maana aliufunga tena polepole. "Kazi nzuri," alisema. "Imebana kweli." Akaenda zake akipiga mluzi, na mluzi wenyewe ulikuwa wimbo wa nanga.

Ningejiuliza kwa nini anapiga mluzi. Lakini nilikuwa na shughuli kubwa zaidi. Sakafu nzuri namna ile, nilifikiri, haiwezi kukaa kimya. Nikachukua patasi na kwa siku mbili nikachonga kwenye mbao za nyuma, mahali mwendeshaji anapoweka miguu, maneno haya:

*Fundi ni huyu mmoja, wengine waje wasome,*
*Maji yaje, yatangoja, mlangoni yasimame.*

Nilipiga magoti pale muda mrefu, nikihakikisha kila herufi ina kina sawa. Kumbe magoti yangu yalikuwa juu kabisa ya mahali ambapo, chini ya ubao, chini ya msumari, chini ya shairi, kulikuwa na tundu la ukubwa wa kidole gumba.

Kila mtoto wa pwani yetu analijua tundu hilo. Mashua ikipandishwa nchi kavu, nguruzi, kile kizibo cha mti, hutolewa ili maji ya mvua yatoke. Ikishushwa, nguruzi hurudishwa kwanza, kabla ya kasia, kabla ya mafuta, kabla ya mtu kuwaza jambo lingine lolote. Ndiyo maana Mikkjal aliacha ubao mdogo wenye matundu mawili ya vidole. Nililijua hilo nikiwa na miaka sita. Nikiwa na miaka ishirini na mitatu nilikuwa mshairi.

Jumatano kabla ya sikukuu tukaishusha. Pól na Regin walisukuma, Hanus akaja bila kuitwa, ameshika kamba mpya. Akaifunga kwenye pete ya tezi, akaivuta mara mbili kuipima, na ncha ya pili akaizungusha kwenye nguzo ya gati.

"Ya nini hiyo?" nikauliza.

"Mimi siku hizi nafunga kila kitu, mwanangu," alisema. "Kuna mtu alinifundisha kwa beti."

Bibi Sunnuva alikuja amevaa aproni yake ya jikoni, mkono mmoja mfukoni. Alisimama juu ya mteremko wa zege akanitazama nikipanda.

"Dánjal. Huna haja ya kitu kutoka kwangu?"

"Bibi, hii ni mara ya tatu unaniuliza hilo tangu mwezi uliopita. Nina kila kitu."

"Kila kitu."

"Hata shairi."

Akatikisa kichwa taratibu, mkono ukabaki mfukoni. Ternan ikateleza juu ya mbavu za nyangumi, ikaingia majini kwa sauti ya mtu anayejitupa kitandani. Ikaelea. Nilisimama tezini nimeweka mguu mmoja mbele, jinsi watu wanavyosimama kwenye picha.

Hapa ndipo nawaomba muistahi kidogo kazi yangu, kwa sababu ilikuwa nzuri mno. Sakafu mbovu ingenitonya. Ingevuja, ingelowesha buti, ningeshtuka mapema. Sakafu yangu haikupitisha tone. Maji yaliingia kwa tundu, yakajaa chini yake kimyakimya kama wezi wenye adabu, na juu nilikuwa mkavu kama mchungaji kanisani. Nilichosikia ni mguno tu, kama mtu anayecheka amefumba mdomo.

"Mshairi," Hanus aliita kutoka gatini. "Mbona inashuka?"

"Inazoea maji," nikasema.

"Inayazoea sana."

Nikatazama. Bahari ilikuwa imepanda hadi kiganja kimoja chini ya ukingo wa tezi. Nikapiga sakafu kwa kisigino, na badala ya sauti ya ngoma tupu nikapata sauti ya pipa lililojaa. Ndipo akili yangu, iliyokuwa imekwenda mbali kutafuta vina, ikarudi nyumbani na kukuta nyumba ina maji. Ubao mdogo. Matundu mawili ya vidole.

Sikupiga kelele. Napenda ijulikane hivyo. Lakini mapacha wanasema nilipiga, nao ni wawili.

Shoka lilikuwa omoni. Nililileta, nikasimama juu ya maandishi yangu, na kwa muda ambao Hanus anasema ulikuwa mrefu mno, nikasita. Siwezi kueleza vizuri. Ubao ulikuwa gogo la Mikkjal lililongoja miaka kumi na miwili, na juu yake yalikuwa maneno bora niliyowahi kuyapanga.

"Ukimaliza kusoma," alisema Hanus, "kata."

Nikakata. Pigo la kwanza liliondoka na *Fundi ni huyu*. La pili likaondoka na *mmoja*. La tatu na la nne yakachukua *Maji yaje, yatangoja*, na hapo maji, ambayo hayakuwa yamengoja, yakaruka kupitia tundu yakanipiga usoni. Nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono hadi begani, nikapapasa kwenye baridi ile inayokata mfupa hadi nikapata tundu, nikavua kofia yangu ya sufu na kuishindilia humo. Hanus na mapacha wakavuta kamba. Kama si kamba ile, ningekuwa nasimulia habari ya mashua iliyoko kwenye kina cha pima kumi.

Waliponifikisha kwenye mteremko nilikuwa bado nimelala, mkono kwenye tundu, shavu kwenye sakafu. Bibi Sunnuva akaja hadi ukingo wa maji. Akatoa mkono mfukoni mwa aproni. Kiganjani alikuwa na nguruzi, nyeusi, laini kwa kushikwa, imefungwa kamba nyekundu.

"Ilikuwa inakungoja," alisema.

"Ungeniambia, Bibi."

"Nilikuuliza mara tatu. Mwaka mzima huwa inaning'inia kwenye msumari, mlangoni mwa jiko langu. Kila asubuhi kwa miaka arobaini Mikkjal alikuja akanyoosha mkono. Nilitazama bahari dirishani, nikampa, au sikumpa. Nisipompa alirudi kulala, akanung'unika, akaishi." Akaitazama sakafu. "Uliposema una kila kitu, nikadhani umechonga yako. Sikujua umejenga nyumba isiyo na mlango."

"Nitairekebisha leo hii."

"Bwana wa maua anakuja Jumamosi," alisema, akairudisha nguruzi mfukoni. "Na mimi nitafikiri."

Hanus aliinama juu ya kilichosalia cha shairi. Upande wa kushoto ulikuwa tundu lenye meno. Upande wa kulia ulisomeka bado: *wengine waje wasome*.

"Tumekuja," alisema. "Tumesoma."

Niliitoa maji Ternan, nikaipandisha, nikakata tundu la shoka likawa na pembe nne zilizonyooka. Katika ubao uliobaki wa gogo nikatengeneza ubao mdogo, nikautoboa matundu mawili ya vidole. Ulikaa pengoni vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu: kwenda jikoni kwa Bibi Sunnuva na kunyoosha mkono. Ni hatua sitini kutoka bandani. Alhamisi nilikwenda hatua arobaini, nikarudi. Ijumaa nilifika kwenye ngazi, nikakumbuka kwamba nimeacha randa nje. Randa ilikuwa ndani.

Jumamosi alasiri, siku yenyewe ya Ólavsøka, watu wakajaa ukumbini. Bwana wa Tórshavn alikuwapo, amevaa viatu vya ngozi, ameketi karibu na Bibi, na mfukoni mwake nilihisi naona mbegu. Duara likaanza, miguu ikatikisa sakafu, tukamaliza wimbo wa kwanza. Kisha mkono ukanishika kwapa la kulia, na mwingine la kushoto.

"Pole, kaka," alisema Pól.

"Usikaze miguu," alisema Regin. "Ukikaza inauma."

Hanus akasimama katikati, akatoa karatasi, akavaa miwani. Nilikuwa tayari kwa kila kitu: nanga kwa nanga, ndiyo sheria. Ila sikuwa tayari kwa alichokiimba.

*Kulikuwa na fundi ambaye alijisifu, maji yakaingia.*

Silabi kumi na tano upande mmoja, saba upande wa pili. Mstari mzima ulitembea kama mtu mwenye buti moja. Watu walijikwaa, duara likagongana, wengine wakamaliza mapema na kungoja. Ubeti wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Wa tatu haukuwa na kina hata kimoja. Nikafikiri: watoto wa watoto wangu wataimba hivi. Upumbavu wangu utadumu, sawa, lakini udumu kwa mizani hii?

Kufika ubeti wa tano sikuweza tena.

"Simama, Mzee Hanus," nikasema. "Unaniua."

"Ndiyo nia yenyewe."

"Siyo kwa maneno. Kwa hesabu. Nipe nafasi."

Miguu ikatulia. Hanus akashusha miwani, akanitazama, akaona kwamba sitanii, akanipa duara kwa ishara ya mkono. Nami, nimeshikwa kwapa zote mbili, nikaimba ubeti nilioutunga palepale, na sijawahi kutunga bora:

*Maji hayana adabu, hayakungoja mlango,*
*Yakapita taratibu, chini ya yake maringo,*
*Shairi lake dhahabu, shoka likaweka pengo,*
*Kuomba kwake aibu, kuinama hana shingo.*

Ukumbi ukaudaka ubeti kabla sijamaliza. Ulikaa miguuni kama ulizaliwa humo. Wakauimba mara ya pili, mara ya tatu, na mapacha wakanizungusha mbiombio, na mimi nikaimba kwa sauti kuliko wote, nimejaa fahari, hadi nilipofika kwenye ule mstari wa mwisho kwa mara ya nne na kusikia ninachokisema.

Niliutunga kwa ajili ya vina. Shingo ilihitajika ili ikutane na pengo. Lakini nilipotazama upande wa viti nilimwona Bibi Sunnuva haimbi. Ananitazama tu, mkono umo mfukoni mwa aproni. Alikuja sikukuu na aproni.

"Niachieni," nikawaambia mapacha.

"Beti bado," alisema Regin.

"Nitarudi nizimalize. Niachieni kwanza."

Wakaniachia. Nikakata duara, nikaenda hadi kwenye kiti chake. Wimbo ulififia nyuma yangu, na bwana wa maua akasogeza viatu vyake nisivikanyage. Nikapiga goti, kwa kuwa Bibi ni mfupi na alikuwa ameketi, na vilevile kwa kuwa shingo peke yake isingetosha.

"Bibi," nikasema, "naomba nguruzi."

"Unaiomba."

"Naiomba. Nilisahau kwamba ipo, nikaona haya kuja. Nilifika ngazini jana."

"Nilikuona. Ukasingizia randa." Akaitoa, kamba nyekundu ikaning'inia kati ya vidole vyake, lakini hakuniwekea mkononi. "Na kesho asubuhi? Na kesho kutwa, ukishakuwa nahodha, na ubeti wako umeshasahaulika?"

Ukumbi mzima ulikuwa unasikiliza. Hanus alikuwa amevua miwani. Nikanyoosha kiganja, nikasema kwa sauti ya kufika hadi mlangoni, ili wawepo mashahidi wa kunitungia shairi siku nitakayovunja ahadi:

"Kila nitakapopandisha mashua nitakuja kuitundika kwenye msumari wako, Bibi, na kila asubuhi nitabisha hodi jikoni na kuiomba kwa mdomo wangu, na siku utakayotazama dirishani ukasema hapana, nitasema asante, nitarudi kulala."